Ngui na Waitikiaji: Hulka ya Kiongozi wa Kazi katika Mwethya wa Kitui na Makueni na katika Fasihi Andishi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili nchini Kenya umezoea kumhukumu kiongozi anayechorwa katika kazi ya fasihi kwa kumtafutia jina la aina yake. Huyu ni dhalimu, yule ni mpole, wa tatu ni mwoga anayeyumbishwa na washauri. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha sifa na kuzitolea ithibati kwa kutaja matukio, na orodha inapokamilika kazi ya uhakiki huhesabiwa kuwa imekwisha. Mazoea haya hayako darasani pekee. Katika semina za wafanyakazi wa ofisi na mashirika watu hupewa hojaji, hujibu maswali kadhaa, kisha huambiwa kuwa wao ni wa hulka hii au ile, na kwamba kikundi kitafanya kazi vyema ikiwa kila mmoja ataijua hulka ya mwenzake.

Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba orodha ya namna hiyo, darasani na ofisini, huacha nje jambo lililo muhimu kuliko yote. Dai lake ni kwamba hulka ya kiongozi wa kazi haisomeki katika nafsi yake pekee. Husomeka katika mwitiko wa wale anaofanya kazi nao, na hasa katika uwezo wao wa kumnyima mwitiko huo. Ili kulijenga dai hili, makala inaegemea mwethya, utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi, kama unavyojulikana katika Kitui na Makueni, pamoja na nyimbo zinazoandamana nao. Kisha inarejea katika fasihi andishi ya Kiswahili na kuzitazama upya kazi tatu zinazohusu watu walio kazini: riwaya ya Kuli (1979) ya Adam Shafi, tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, na tamthilia ya Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege.

2.0 Kuainisha Hulka: Faida na Mipaka Yake

Tamaa ya kuwagawa watu katika aina chache ni ya kale. Waganga wa Kiyunani, na baada yao Galen katika karne ya 2, waliziunganisha tabia za binadamu na majimaji manne ya mwili, wakapata mchangamfu, mkali, mzito na mwenye majonzi. Mafunzo mengi ya uongozi ya siku hizi hayakwenda mbali na mgawanyo huo. Yamebadilisha majina tu. Katika uhakiki wa fasihi, E. M. Forster alipendekeza mwaka 1927 mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara, nao umekariliwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kana kwamba ni sheria.

Hapana shaka kwamba uainishaji una faida. Humpa mwanafunzi mahali pa kuanzia, na humzuia kudhani kwamba watu wote hufikiri kwa namna moja. Tatizo ni kwamba huichukulia hulka kama mali ya mtu binafsi, anayotembea nayo popote aendapo. Hata utafiti unaotajwa mara nyingi kuunga mkono wazo hilo hausemi hivyo. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu vikundi vya wavulana huko Iowa, Marekani. Wavulana hao walipewa kazi za mikono chini ya viongozi wazima waliofuata mitindo tofauti: wa kiimla, wa kidemokrasia, na wa kuyaachilia mambo yaende yatakavyo. Semina za leo hukumbuka majina ya mitindo hiyo mitatu na kuyageuza kuwa aina za watu. Lakini viongozi wale walikuwa wakibadilishana mitindo kwa makusudi, na wavulana walewale walibadilika mtindo ulipobadilika. Chini ya uimla baadhi yao walinyamaza na kunyong'onyea, wengine wakagombana. Na kiongozi alipotoka chumbani, kazi ililegea. Kwa hakika, uchunguzi huo ulipima uhusiano. Swali lililoufanya uwe na thamani ni lile la chumba bila kiongozi: je, kazi iliendelea?

Swali hilo ndilo linalohitajika katika uhakiki, na si lazima kulitafuta Iowa. Ukambani lina historia ndefu, tena historia yenye maumivu.

3.0 Mwethya kama Matini ya Kijamii

Mwethya, kwa maana yake ya awali, ni kikundi kinachoitwa na mtu mwenye kazi inayozidi nguvu za nyumba yake, kama vile kujenga nyumba, kulima au kuvuna. Majirani wa utui mmoja huja, hufanya kazi, hula na kunywa kwa mwenyeji, na deni linalobaki ni la mwenyeji kwenda kwa mwenzake siku itakapofika. Kando yake palikuwa na mwilaso, yaani kikundi kidogo cha watu wanaozungukiana shambani kwa zamu. Jamii hii haikuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa katika vikao vya wazee. Kwa hiyo kiongozi wa kazi hakupata mamlaka yake kutoka juu. Aliyapata siku ile, kwa kazi ile, na kazi ilipokwisha mamlaka nayo yalikwisha.

Utawala wa kikoloni ulileta kiongozi wa namna nyingine. Kufikia miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo katika Ukamba ulikuwa umeishtua serikali. Mwaka 1938 ilijaribu kupunguza mifugo kwa nguvu, na Samuel Muindi Mbingu akawaongoza watu kutoka Machakos hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Wakuu walimwona yeye kuwa chanzo cha upinzani, kana kwamba umati ulikuwa kivuli cha hulka yake. Hata hivyo, kuondolewa kwake hakukuumaliza upinzani, na mpango wa kupunguza mifugo kwa lazima uliachwa. Serikali ilikuwa imemsoma kiongozi bila kuwasoma waitikiaji wake.

Kosa hilo lilijitokeza tena katika kazi ya kuhifadhi udongo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu, na kazi hiyo ilichukiwa. Katika miaka ya 1950 maofisa waliugeukia muundo wa mwethya wenyewe, vikundi vikaruhusiwa kujichagulia viongozi, na matuta yakaongezeka kwa kasi, ingawa mkono wa serikali haukuondoka. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kazi ya matuta ilizorota kwa muda, kwa sababu katika kumbukumbu za wengi ilikuwa bado inanuka shuruti. Baadaye ilifufuka, safari hii ikiwa mikononi mwa vikundi ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba katika wilaya ya Machakos, ambayo kabla ya mwaka 1992 iliijumuisha Makueni, idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 katika miaka ya 1930 hadi takriban 1,400,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980, na bado udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko awali. Huko Kitui, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa tangu miaka ya 1990 kwa mtindo unaokaribiana na huo: wakazi huleta mawe, mchanga, maji na nguvu zao, ukuta huzibwa katika mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo wakati wa kiangazi.

Kwa mhakiki wa fasihi, historia hii ina funzo la kilugha. Neno moja, mwethya, liliitwa kutaja kazi ya hiari na likaitwa pia kutaja kazi iliyo chini ya jicho la serikali. Tuta lililochimbwa lilikuwa lilelile, na majembe yalikuwa yaleyale. Kilichotofautisha ni nani aliyewaita watu na nani angeweza kukataa kuja.

Mfano mwingine umo katika Kiswahili chenyewe. Tuta linalochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro limejulikana kwa jina la "fanya juu", na jina hilo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani bila kutafsiriwa. Kisarufi, hiyo ni amri, tena amri kwa mtu mmoja. Haisemi "tufanye juu", wala haisemi "fanyeni juu". Ndani ya jina la kitaalamu imehifadhiwa sauti ya msimamizi anayesimama kando huku mwingine akiinama. Leo mkulima wa Makueni hulitamka jina hilo bila kusikia amri yoyote, maana tuta limekuwa lake. Kauli ya kuamuru imegeuka nomino kwa sababu waitikiaji waliichukua, wakaifanyia kazi yao wenyewe. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna kikundi kinavyoweza kubadilisha maana ya sauti ya kiongozi.

4.0 Ngui na Waitikiaji

Nyimbo za kazi ni utanzu uliodharauliwa katika ukusanyaji wa fasihi simulizi ya Wakamba. Hadithi zilipata wakusanyaji mapema. Gerhard Lindblom alichapisha ngano za Wakamba katika miaka ya 1920 na 1930, na John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa mkusanyo wake wa hadithi mwaka 1966. Hadithi huweza kuandikwa kwa kumketisha msimulizi mmoja. Wimbo wa kazi haukubali kuketishwa, kwa kuwa nusu yake ni pumzi na majembe ya watu wengine. Ukiandikwa ukurasani, mistari ya kiongozi hujaza nafasi yote na kiitikio huandikwa mara moja tu, pengine kwa alama ya kuonyesha kwamba kinarudiwa. Hivyo basi, maandishi humpa kiongozi ukubwa ambao hakuwa nao shambani.

Mwimbaji kiongozi, ambaye Kikamba humwita ngui, hutanguliza mstari na wengine huitikia. Aghalabu mstari wake ni wa kubuniwa papo hapo, ilhali kiitikio ni thabiti. Kwa mtazamo wa haraka, uhuru wote uko kwake: yeye huchagua maneno, humtania mvivu, humsifu anayejituma, hudokeza habari za mtaa. Lakini muundo wenyewe wa wimbo unamfunga. Akiharakisha kupita mikono ya watu, kiitikio huchelewa na wimbo huvunjika. Akirefusha mno mstari, majembe hubaki hewani. Akimwimba mtu kwa ubaya ambao wenzake hawaukubali, mwitiko hudhoofika, na kudhoofika huko husikika na kila mtu. Mamlaka ya ngui yanapimwa kila baada ya pumzi moja.

Kutokana na hali hii, hulka ya ngui haiwezi kuelezwa kwa kivumishi kimoja. Ngui mwenye ulimi mkali anaweza kupendwa na kikundi kinachojua kwamba ukali wake ni mchezo unaopunguza uchovu. Ukali uleule ukiwa kinywani mwa mtu aliyewekwa na chifu hugeuka matusi. Ngui mpole anaweza kukiinua kikundi cha wazee, akakilaza kikundi cha vijana. Sifa yake hubadilika kulingana na uhusiano alio nao na wanaomwitikia. Kwa maneno mengine, ukali na upole ni sifa za maneno. Uhalali ni sifa ya mwitiko.

Hapa pana hatari ya kuupamba mwethya kupita kiasi, na uhakiki wa fasihi simulizi umewahi kuanguka katika shimo hilo mara nyingi kwa kuziita nyimbo za kazi "kielelezo cha umoja" na kuishia hapo. Mwitiko wenyewe unaweza kulazimishwa. Watu wanaochimba matuta chini ya macho ya askari wa chifu nao huweza kuimba, na pengine huimba kwa sauti kubwa kuliko wale wa hiari. Vikundi vya leo vina kanuni za kuwatoza faini wanaokosa kuja, na mjane asiye na mtu wa kumtuma huumizwa na faini hiyo kuliko jirani mwenye watoto wakubwa. Kadhalika, ni jambo la kawaida kikundi cha wanawake kilichoundwa kwa ajili ya shamba kuitwa kumwimbia mwanasiasa anayezuru, na kiitikio kilichozoea kufuata jembe kikafuata gari la mgeni. Muundo wa wito na mwitiko haumhakikishii yeyote demokrasia. Unachofanya ni kumpa mhakiki mahali pa kusikiliza.

Mahali hapo ni pale mwitiko unapopungua. Katika kikundi cha hiari, waitikiaji wanaweza kunyamaza bila kuadhibiwa, na ngui mwingine akaupokea wimbo. Katika kikundi cha shuruti, kunyamaza ni kosa. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kujua ni uongozi wa namna gani ulio mbele yake hana budi kuuliza maswali matatu: nani alimpa kiongozi huyu sauti? Je, waitikiaji wanaweza kuibadilisha au kuinyamazia? Na wimbo ukiisha, ni nini kinachobaki, na ni cha nani?

5.0 Hadithi ya Kisima

Maswali hayo yanapata uzito zaidi yakielekezwa kwa hadithi inayosimuliwa kwa sura nyingi katika Afrika, nayo inaielekea moja kwa moja nchi ya ukame kama Kitui na Makueni. Jua linawaka, maji yanakwisha, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kufanya kazi. Maji yanapopatikana, yeye huja kuyaiba. Mnyama mmoja baada ya mwingine anawekwa kulinda: mwenye nguvu, mwenye mbio, mwenye sauti ya kutisha. Kila mmoja anadanganywa. Mwishowe mdogo asiyetazamiwa, mara nyingi kobe, anamnasa mwizi kwa kuvumilia na kukaa kimya.

Uhakiki wa kawaida huisoma hadithi hii kama orodha ya hulka: sungura ni mjanja, tembo ni mwenye nguvu lakini mjinga, kobe ni mvumilivu. Usomaji huo unafanana na hojaji ya semina, na funzo lake huwa kwamba uvumilivu hushinda nguvu. Lakini wasomaji wengi hupita bila kuona kwamba walinzi wote walioshindwa walilinda peke yao, tena kila mmoja kwa kuitegemea sifa iliyompa cheo. Sungura anazijua sifa hizo. Udanganyifu wake umejengwa juu yake. Humsifu mwenye nguvu kwa nguvu zake, humjaribu mlafi kwa utamu. Anayejulikana kwa hulka moja huwa rahisi kuongozwa na adui kupitia hulka hiyohiyo. Kobe anafaulu kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa kiongozi, na sungura hana sifa ya kumsomea.

Zaidi ya hayo, hadithi haisemi kwamba kobe alifanywa mfalme wa kisima. Inaishia kwenye maji. Kigezo cha mwisho ni kisima kilichobaki, na haki ya wale waliochimba kunywa kutoka humo. Hadithi na wimbo wa kazi zinakubaliana katika jambo hili: kiongozi ni wa kazi, na hukumu yake iko katika kile kinachobaki mikononi mwa waliofanya kazi.

6.0 Kazi Tatu za Fasihi Andishi

6.1 Kuli

Riwaya ya Adam Shafi inasimulia maisha ya Rashidi, mwana wa kuli wa bandari ya Unguja, ambaye naye anaingia katika kazi iliyomuua baba yake, Majaliwa. Kilele chake ni mgomo wa wafanyakazi wa Zanzibar wa mwaka 1948, tukio la kihistoria. Wahakiki wengi wamemsifu Rashidi kama shujaa anayekomaa: kijana mwenye hasira anayegeuka kuwa mtetezi wa haki. Usomaji huo si wa uongo, lakini unaiweka riwaya yote ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Ukitumia kipimo cha ngui na waitikiaji, ukomavu wa Rashidi unaonekana kwa sura nyingine. Hasira yake ya awali ni mstari usio na kiitikio. Ni kweli, ni ya haki, lakini bandarini haikawizi hata tishari moja. Anachokipata kwa Faraji, mwenzake aliyetangulia katika harakati, ni ufahamu kwamba wapo wengine wa kuitikia, na kwamba mstari hauna budi kutungwa kwa namna wanayoweza kuupokea. Hulka yake haijageuka kutoka ukali kuwa upole. Bado ni mkali. Kilichobadilika ni kwamba ukali huo sasa una mahali pa kujibiwa. Mgomo, kwa maana hii, ni kunyamaza kwa pamoja: waitikiaji wa bandari wanaunyima wimbo wa mwajiri kiitikio chake, na meli zinabaki na shehena yake.

6.2 Kilio cha Haki

Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon wanaongozwa na mwanamke, Lanina. Uhakiki umemjadili Lanina katika mikondo miwili, ule wa tabaka na ule wa jinsia, na ubishi umekuwa juu ya upi ulio mkuu. Muktadha wa Kitui na Makueni unaongeza swali la tatu. Huko wanawake ndio wengi katika vikundi vya kazi, na wao ndio huamua shambani nani ataanza wimbo. Hata hivyo, mamlaka hayo huishia mara nyingi kwenye ukingo wa shamba. Barazani mwanamume ndiye anayesimama kusema.

Lanina anauvuka ukingo huo, na hapo ndipo tamthilia inapopata mvutano wake. Baadhi ya wenzake wanalikubali lengo analolitaja lakini wanaionea shaka sauti inayolitaja. Kumwita Lanina "jasiri" na "mwanamapinduzi", kama wafanyavyo wanafunzi, ni sahihi na hakutoshi. Ujasiri wake unakabiliana na mwajiri kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili unakabiliana na mwitiko wa nusu kutoka kwa watu wake mwenyewe. Mwitiko wa nusu ni hatari kuliko ukimya, kwa maana kiongozi huweza kudhani ameungwa mkono. Mazrui anaiacha hatari hiyo wazi jukwaani, na uhakiki unaotazama hulka ya Lanina peke yake hauna njia ya kuiona.

6.3 Mstahiki Meya

Timothy Arege anamchora Meya Sosi, mkuu wa baraza la Cheneo, ambaye wafanyakazi wake wanadai haki zao na hatimaye wanagoma. Wadhifa wa meya ulikoma nchini Kenya mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, lakini tamthilia haijapoteza makali yake, kwa sababu ofisi inayochorwa ndani yake haikuondoka pamoja na cheo hicho.

Sosi ameitwa dhalimu, fisadi, mbinafsi na mwenye kiburi, na kila neno lina ithibati yake. Bado pana swali ambalo orodha hiyo hailijibu: inawezekanaje mtu wa aina hiyo kuendelea kuongoza kazi inayosambaratika huku akiamini kwamba mambo ni shwari? Jibu halimo katika hulka yake. Limo katika waitikiaji aliojichagulia. Diwani wa kwanza na wa pili humwitikia kila asemalo, na rafiki yake Bili humshauri kile ambacho tayari anakitamani. Diwani wa tatu humpinga, na Daktari Siki humletea habari ya taabu ya watu, lakini sauti hizo mbili huhesabiwa kuwa kelele. Sosi anasikia kiitikio siku zote. Kasoro ni kwamba kiitikio hicho hakitoki kwa wenye majembe. Kimehamishwa kutoka shambani hadi ofisini, kikawa cha watu wanaofaidika na wimbo bila kufanya kazi inayoimbwa.

Usomaji huu unabadilisha hata namna ya kumtazama Diwani wa tatu. Katika orodha ya wahusika yeye ni "mwema" kati ya "wabaya". Katika kipimo cha mwethya, umuhimu wake ni kwamba yeye ni mwitikiaji aliyenyamaza hadharani, na mwenendo wa tamthilia unategemea kama ukimya wake utaungana na ule wa wafanyakazi walioko nje. Wema wa mtu mmoja ndani ya baraza hauwezi kulisafisha baraza. Cheneo haiponywi kwa kumbadilisha Sosi kuwa mpole. Sosi mpole mwenye waitikiaji walewale angeongoza baraza lilelile, kwa sauti ya chini.

7.0 Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba kuainisha hulka, kunakopendwa katika uhakiki na katika semina za wafanyakazi, huanza mahali panapofaa na kuishia mapema mno. Mwethya wa Kitui na Makueni, pamoja na historia yake ya hiari na shuruti, unafundisha kwamba kiongozi mmoja huweza kuwa watu wawili kulingana na nani aliyemwita na nani anayeweza kumnyamazia. Wimbo wa kazi unalibeba funzo hilo katika muundo wake, hadithi ya kisima inalithibitisha kwa kushindwa kwa walinzi wake, na Kuli, Kilio cha Haki na Mstahiki Meya zinapata kina zaidi zinaposomwa kwa kuwasikiliza wanaoitikia.

Mintarafu ya ufundishaji, mambo mawili yanafuata. Kwanza, swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze sifa za mhusika fulani lingefaa kuandamana na swali la pili: sifa hizo zinaonekana mbele ya nani, na hutoweka mbele ya nani? Pili, ukusanyaji wa nyimbo za kazi za Ukambani unahitaji kufanywa upya, kwa kurekodi kiitikio chote, pamoja na pale kinapochelewa, kinapokosea na kinaponyamaza, badala ya kukiandika mara moja na kukiacha. Vikundi vilivyochimba matuta kwa mikono vinapungua kadiri mashine zinavyoingia, na wanawake walioziimba nyimbo hizo katika miaka ya kufufuka kwa kazi hiyo ni wazee sasa. Maneno ya ngui yanaweza kukumbukwa na mtu mmoja. Mwitiko hauwezi kukumbukwa na mtu mmoja, na usiporekodiwa wakati waitikiaji wangali pamoja, kitakachobaki mikononi mwa wahakiki wa kesho ni nusu ya wimbo, nayo ni ile nusu ya kiongozi.